Walther Nernst: mtu aliyewasha taa ya jiwe, na kazi ya kuunga jiwe na chuma inayoendelea mpaka leo

Wakaaji wa Nyamitaba na wa Masisi nzima wanajua koltani. Hata mtoto ambaye hajafika Rubaya anajua kwamba ule mchanga mweusi mzito unatoka mlimani, unaoshwa, unatiwa ndani ya mifuko, kisha unaenda. Unaenda kufanya nini? Hapo wengi tunanyamaza.

Leo katika ukurasa wetu wa historia tunawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye hakukanyaga inchi yetu hata siku moja, lakini maisha yake yalikutana na mchanga huo mara mbili. Mara ya kwanza, chuma kinachotoka ndani ya koltani kiliua biashara yake. Mara ya pili, yeye akiwa tayari kaburini, chuma ndugu ya kile cha kwanza kimekuja kusaidia kazi aliyoianza. Jina lake ni Walther Nernst, mwanasayansi wa Ujerumani.

Mtoto wa hakimu

Nernst alizaliwa tarehe 25 mwezi wa sita 1864 katika mji mdogo wa Briesen. Wakati ule ulikuwa chini ya ufalme wa Prussia, leo iko inchi ya Poland na mji unaitwa Wąbrzeźno. Baba yake alikuwa hakimu. Kijana alisoma Zürich, Berlin, Graz na Würzburg, kwa sababu wanafunzi wa wakati ule walihama toka chuo kikuu kimoja kwenda kingine wakimfuata mwalimu mwenye sifa. Udaktari wake aliupata Würzburg mwaka 1887. Kisha alienda Leipzig kuwa msaidizi wa Wilhelm Ostwald, mmoja wa wale walioanzisha somo linalounganisha kemia na fizikia.

Mwaka 1889, akiwa na miaka 25, aliandika hesabu ambayo wanafunzi wa kemia duniani pote wanaisoma mpaka leo kwa jina lake. Hesabu hiyo inaonyesha ginsi nguvu ya betri, yaani volti zake, inavyotegemea vitu vilivyo ndani yake na wingi wa vitu hivyo. Ukiona betri ya pano ya soleye inashuka polepole kadiri inavyotumika, ujue sehemu ya sababu iko ndani ya hesabu ya Nernst.

Kutoka Leipzig alienda Göttingen, mji wa chuo kikuu. Mwaka 1892 alimuoa Emma Lohmeyer, binti ya daktari mpasuaji. Walizaa watoto 5: wavulana 2 na wasichana 3. Mwaka 1895 alifunguliwa taasisi yake mwenyewe ya kemia na umeme. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kupenda mzaha, mwenye kupenda kuwinda, na mwenye kupenda pesa bila kujificha. Na pesa ilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria.

Taa ya jiwe

Turudi nyuma kidogo. Miaka ile ampuli ya umeme ilikuwa na uzi wa kaboni ndani, yaani uzi wa makaa. Ulitoa mwanga mwekundu, hafifu, na ulikula kuranti mingi. Tena ilibidi hewa itolewe kabisa ndani ya kioo, maana uzi ukikutana na hewa unaungua mara moja, sawa vile makala yanavyoisha kwenye mbabula.

Nernst alijiuliza: kwa nini tusitumie kitu ambacho hakiungui? Vyungu vyetu havigeuki majivu motoni. Udongo uliochomwa, yaani kauri, tayari umekwisha kupitia moto, hewa haiwezi tena kuula. Lakini kauri haipitishi kuranti. Njo maana mafundi wa umeme wanatumia kauri kuzuia kuranti isipite, kama vile vikombe vyeupe vilivyo juu ya nguzo za umeme.

Hapo njo alipoona kitu ambacho wengine walikipita. Kauri fulani ikiwa baridi inakataa kuranti, lakini ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu, inakubali. Mwaka 1897 alitengeneza kijiti chembamba cha kauri, akakipasha moto kwanza, akapitisha kuranti. Kijiti kikawaka mwanga mweupe mzuri, kikiwa nje kwenye hewa, bila kuungua. Na kilikula kama nusu ya kuranti ya ampuli ya kaboni kwa mwanga uleule.

Mchanganyiko uliofanya kazi vizuri ulikuwa na sehemu 85 kwa mia za sirkonia na sehemu 15 za itria. Hizi ni poda nyeupe, ndugu za mawe yanayopatikana ardhini, zinachanganywa, zinafinyangwa na kuchomwa mpaka ziwe ngumu. Mwaka 1899 Nernst alieleza sababu yake. Ndani ya kauri hiyo yenye moto, kinachotembea ni chembe za oksijeni zenye umeme. Zinaruka toka nafasi moja wazi kwenda nyingine ndani ya jiwe lenyewe. Msomaji ashike jambo hilo, tutalirudilia.

Kampuni ya AEG ya Berlin ilinunua haki ya taa hiyo, na wanaosimulia maisha yake wanataja bei ya marki milioni moja. Kwa mwalimu wa chuo kikuu ilikuwa utajiri. Nernst akanunua motokari, akawa kati ya watu wa kwanza kabisa kuendesha motokari mjini Göttingen. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, taa zake ziliwaka mbele ya watu toka dunia nzima. Kule Marekani, George Westinghouse naye alinunua haki na akaanzisha kampuni ya taa hizo mjini Pittsburgh.

Pale jiwe linapokutana na chuma

Lakini taa ilikuwa na matatizo. La kwanza lilijulikana na kila mnunuzi: haikuwaka mara moja. Ilibidi kupasha kijiti kwanza, mwanzoni kwa kiberiti au taa ya spiriti, baadaye kwa waya wa kupasha uliotiwa pembeni. Mtu aliingia nyumbani usiku, akawasha, akangoja.

La pili walilijua mafundi zaidi. Kuranti inafika kwa waya wa chuma, kisha lazima iingie ndani ya kijiti cha kauri. Pale wanapokutana, utawaunganisha namna gani? Chuma na jiwe si watu wa tabia moja. Chuma kikipata moto kinatanuka sana, jiwe linatanuka kidogo. Kila ukiwasha, mmoja anamvuta mwenzake. Kila ukizima, wanarudi. Baada ya siku nyingi, mahali pa kuungana panalegea ama panapasuka.

Nernst alitumia waya wa platini, kwa sababu platini haishiki kutu hata ikiwa nyekundu, na kutanuka kwake kunakaribia kwa kauri. Waya ulizungushwa kwenye ncha za kijiti na kupakwa udongo uleule. Hata hivyo, kauri iliendelea kujikunja kidogokidogo kwa moto, na waya ukalegea. Wahandisi wa Pittsburgh walikuja na njia nyingine: wakazika tone la platini ndani ya ncha yenyewe, ili kauri ikijikunja, ilikaze badala ya kuliachilia. Ilisaidia. Lakini platini ni ya bei kubwa sana.

Tatizo hili si la Wazungu tu. Angalia kikombe cha bati chenye rangi nyeupe ambacho mama anatumia kunywea chai. Ile rangi ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Ukiiangusha, ama ukiiweka juu ya moto ikiwa kavu, inabanduka vipande na kutu inaingia. Ama umuulize motari yeyote akuonyeshe buji ya pikipiki yake. Ile sehemu nyeupe ni kauri, imeshikwa ndani ya chuma. Ikipasuka ama ikivuja pale wanapoungana, pikipiki inakohoa na safari ya Kitchanga inaishia njiani. Buji ya bei ya chini na buji nzuri, tofauti yao mara nyingi iko pale.

Tantali inamshinda

Wakati Nernst na AEG wanahangaika na kijiti chao, kampuni shindani ya Siemens & Halske, kule Berlin, ilikuwa na mtu aliyeitwa Werner von Bolton. Huyu alitafuta chuma ambacho kinaweza kuvumilia moto mkali bila kuyeyuka. Mwaka 1903 alifaulu kusafisha tantali mpaka ikawa laini ya kuvutwa kuwa waya mwembamba. Tantali inayeyuka karibu na digrii 3,000. Mwaka 1905 ampuli ya tantali iliingia sokoni. Ilikuwa ya chuma kitupu, haikuhitaji kupashwa kwanza, haikuwa na mahali pa kuunga jiwe na waya. Ukibonyeza, inawaka.

Na tantali ndiyo ile inayotolewa ndani ya koltani. Siku zile hakuna aliyechimba Rubaya kwa ajili ya ampuli za Berlin, madini ilitoka kwingine. Lakini chuma ni kilekile. Baada ya miaka michache tungsteni, ambayo kwetu inatoka katika wolframu, ikaisukuma tantali nayo. Taa ya Nernst ikabaki katika maabara, ambamo ilitumika kwa miaka mingi kama chanzo cha joto la kupima vitu. Tantali yenyewe ilipata kazi nyingine, na leo iko ndani ya kondansateri ndogondogo za simu unayoishika.

Nernst hakulia. Pesa yake alikuwa amekwisha kuipokea. Mwaka uleule wa 1905 alihamia Chuo Kikuu cha Berlin, na hapo alipata wazo lililompa sifa kubwa kuliko taa: sheria inayoeleza tabia ya vitu vikikaribia baridi ya mwisho, digrii 273 chini ya sufuri. Aliitangaza mwaka 1906. Kwa kazi yake juu ya joto na kemia alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920.

Mwaka 1911 alishirikiana na tajiri wa Ubelgiji, Ernest Solvay, kukusanya wanasayansi wakubwa mjini Brussels. Einstein, Marie Curie na Max Planck walikuwamo. Inchi yetu wakati ule ilikuwa koloni la Ubelgiji kwa mwaka wa 3 tu.

Vita

Hapa maisha yake yanaingia giza, na hatuwezi kuruka sehemu hii.

Vita vilipoanza mwaka 1914 Nernst alikuwa na miaka 50. Alijitolea kuendesha motokari yake kwa ajili ya jeshi, akafika mbele kule Ufaransa. Mwezi wa kumi mwaka ule aliweka saini pamoja na wasomi wengine 92 kwenye barua iliyotetea matendo ya jeshi la Ujerumani na kukana mabaya yaliyofanywa Ubelgiji. Kisha alitia akili yake katika silaha. Alisaidia kutengeneza makombora yenye poda ya kuwasha macho na pua, yaliyorushwa Neuve-Chapelle mwisho wa mwezi ule. Hayakufanya kitu kikubwa, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 1915 Fritz Haber, mwenzake wa Berlin, alifungulia wanajeshi hewa ya klorini kule Ypres, na watu wakafa kwa kukosa pumzi.

Vita hiyohiyo ilifika mpaka kwetu. Askari wa Force Publique walipigana na Wajerumani kwenye mpaka wa Kivu, wakaenda mpaka Tabora, walikoingia mwezi wa tisa 1916, na wachukuzi wengi wa mizigo walikufa njiani bila jina lao kuandikwa.

Nernst naye alilipa. Watoto wake wa kiume wote wawili waliuawa vitani. Mtu aliyeunga mkono vita kwa kalamu na kwa maabara alibaki na binti tu. Sisi wa Masisi hatuhitaji kuelezwa nyumba inakuwaje kisha habari ya namna hiyo.

Miaka ya mwisho

Baada ya vita aliendelea kufundisha. Alisimamia taasisi ya vipimo ya serikali toka 1922 mpaka 1924, kisha akarudi chuoni. Mnamo 1930 alishiriki hata kutengeneza piano ya umeme pamoja na Bechstein na Siemens.

Mwaka 1933 Hitler alipochukua utawala, Nernst alistaafu. Binti zake wawili walikuwa wameolewa na wanaume wa asili ya Kiyahudi, na ilibidi wahame Ujerumani. Mzee akajificha kwenye shamba lake la Zibelle, akifuga samaki katika mabwawa. Alikufa pale tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 1941, akiwa na miaka 77, vita nyingine ikiwaka. Kaburi lake leo liko Göttingen.

Jiwe linaamka

Sasa turudilie ile kauri. Nernst aliona kwamba oksijeni inapita ndani yake ikiwa na moto. Mwaka 1937, yeye akingali hai, Emil Baur na mwenzake Preis kule Zürich walichukua mchanganyiko uleule na kufanya kinyume chake: badala ya kuupa kuranti ili utoe mwanga, waliulisha gesi ili utoe kuranti.

Kitu hicho kinaitwa seli ya mafuta. Ni kama betri isiyoisha, mradi inalishwa. Upande mmoja wa ukuta wa kauri unapitisha hewa, upande mwingine gesi, kwa mfano hidrojeni. Oksijeni inavuka ukuta, inakutana na gesi, maji yanatoka kama mvuke, na umeme unapita kwenye waya. Hakuna mlipuko kama ndani ya moteri, hakuna kelele ya grupe. Kazi hiyo inafanyika kati ya digrii 600 na 1,000.

Kauri ya Nernst iko pia ndani ya kidude kinachopima moshi kwenye ekzosi za magari mengi, hata yanayopita Sake.

Lakini seli moja inatoa volti isiyofika hata 1 na nusu. Ili upate kuranti ya kutosha lazima kupanga nyingi, na kila moja ishikwe na fremu. Fremu ya kauri inavunjika upesi, fremu ya platini hakuna atakayeilipa. Wahandisi wakachagua chuma cha inoksi. Upande wa gesi nao una mchanganyiko wa kauri na chuma cha nikeli, vimesagwa na kuchomwa pamoja. Na tatizo la mwaka 1897 likarudi mlangoni: namna gani kuunga jiwe na chuma, tena bila kuvuja hata kidogo, maana gesi ikikutana na hewa pale pasipotakiwa, inawaka.

Chukua vipimo. Fimbo ya kauri hii ya urefu wa metre 1, ukiipasha digrii 800, inaongezeka milimetre 8 hivi. Inoksi ya kawaida ya sufuria inaongezeka kama 14. Tofauti hiyo inapasua kila kitu. Kuna inoksi nyingine, ile inayoshikwa na simaku, inaongezeka 9 mpaka 10 tu. Hiyo njo wanayoitumia. Na ili isilegee kwenye moto wa muda mrefu, aina fulani za inoksi hiyo zinatiwa niobi kidogo. Niobi ni ndugu wa tantali, wanaishi pamoja ndani ya koltani. Ile herufi ya kwanza ya neno koltani inatoka kwa jina lake la zamani, kolombi. Niobi nyingi ya dunia inatoka Brazili, lakini hata Lueshe kule Rutshuru iko. Hapo njo mara ya pili ambapo jamaa ya koltani imekutana na kazi ya Nernst, na safari hii imekuja kumsaidia.

Na kuunga? Kusude kwa kawaida haiwezekani, kwa sababu kusude kunayeyusha vyuma vyote viwili, na jiwe halikubali. Njia ni ile ya fundi wa redio pale sokoni: anayeyusha waya wa bati katikati ya vitu viwili ambavyo vyenyewe haviyeyuki, vinashikana. Bati hilo ni la kasiteriti, kama inayotoka Bisie kule Walikale. Kwa seli ya mafuta bati lingeyeyuka zamani, basi wanatumia fedha, ambayo inayeyuka kwenye digrii 962. Fedha tupu ikiyeyuka juu ya kauri inajikusanya kama tone la maji juu ya jani la ndizi, haishiki. Lakini ikitiwa oksidi ya shaba kidogo, inatandaa na kushika, tena hapohapo kwenye hewa.

Haijakuwa mwisho. Fedha yenye moto inakunywa oksijeni toka upande huu na hidrojeni toka upande ule. Zikikutana ndani yake zinakuwa mvuke, na mvuke unatoboa vitundu. Njo maana maabara za dunia zinaendelea kutafuta, zaidi ya miaka 120 tangu kijiti cha kwanza cha Nernst.

Kwetu

Tumeona mtu mwenye akili kubwa aliyepata jiwe, akapata pesa, akashindwa na chuma, akasaidia vita, na vita ikamla watoto. Tumeona pia kwamba bei kubwa haiko ndani ya mfuko wa mchanga. Tantali ilikuwa jiwe tu mpaka Bolton alipojua kuivuta kuwa waya. Kauri ilikuwa udongo tu mpaka Nernst alipoipasha. Na seli ya mafuta inangoja yule atakayejua kuunga bila kuvuja.

Vijana wetu wanajua kuchimba, kuosha, kubeba. Wengine wanajua kusude mageti na kutengeneza buji. Mwalimu wa kemia akifundisha hesabu ya Nernst darasani, awaambie pia kwamba sehemu ya habari hiyo iko mlimani, mbele ya dirisha la shule. Na mzazi anayefikiria kumtoa mtoto shuleni ili aende shimoni, tunamuomba asome tena habari hii kabla ya kuamua.